Mkono wa Hilari Katika Sinema ya Makumbusho

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Ifakara, Jumatatu tarehe 14 Julai 1958, saa tatu asubuhi.
Shauri: Kifo cha Stefania, mjane wa Hilari, mkazi wa Kivukoni.
Jina la shahidi: Yosefina binti Matimbwa.
Kabila: Mndamba. Dini: Mkatoliki.
Umri: Hajui. Anasema wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa mwali aliyekwisha kuchezwa ngoma.
Kazi: Mkulima wa mpunga.
Makazi: Kivukoni, ukingo wa upande wa Ifakara.
Uhusiano na marehemu: Mama mkwe.
Lugha: Kiswahili, na Kindamba pale alipochoka na Kiswahili. Hajui kusoma wala kuandika.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Koplo Eustaki amenionya niseme kweli tupu, nisitie chumvi. Nimemjibu kwamba chumvi nimeiacha nyumbani.

Kabla sijaanza nataka jambo moja liandikwe kwanza. Mkwe wangu Stefania amelala juu ya mkeka barazani kwangu tangu jana alasiri, wavuvi walipomtoa kwenye matete. Hajazikwa. Wazee wa Kivukoni wanangoja neno la kituo hiki. Likisema alianguka majini, atazikwa ndani ya ua wa makaburi pamoja na Wakristo wenzake. Likisema alirukwa na akili, ndani vilevile. Likisema alijiua, atatupwa nje ya ua, bila sala na bila msalaba. Jua halingoji mtu, kwa hiyo nitasema upesi. Koplo amesema nianze mwanzo. Mwanzo ni huu.

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka 1956, maji ya mto yakiwa yamepungua, lilikuja Kivukoni gari la Nyumba ya Makumbusho ya Morogoro. Alikuwamo Mzungu mmoja, Bwana Halowei, na kijana wa upande wa Mahenge aitwaye Fransisko, aliyekuwa akimsemea. Nilikuwa napepeta mpunga. Fransisko aliniamkia shikamoo vizuri, akachuchumaa, nikamwitikia, nikamwuliza hiyo makumbusho ni nyumba ya nini. Akasema ni nyumba ya kuweka vitu vya wazee visipotee. Nikamwambia, "Mimi mzee hapa, mbona sijapotea?" Akacheka. Akasema shida yao ni kwamba nyumba ipo, vitu vimo, ila watu hawaji kuvitazama. Basi Bwana ameamua kupiga sinema apite nayo vijijini, watu waone, wapate hamu ya kwenda Morogoro. Nikasema, "Yaani mchukue vitu vyetu, halafu mrudi kutuonyesha kwamba tulikuwa navyo?" Maneno hayo Fransisko hakumfikishia Bwana. Nilijua, maana Bwana aliendelea kutabasamu.

Walimtaka mwanangu Hilari. Hilari alikuwa fundi wa mitumbwi, na wakati ule alikuwa na gogo amelianza. Wakampiga picha akichonga kwa tezo, akikomba ndani, akiusukuma mtumbwi majini pamoja na kaka yake Polikarpo, akiuendesha kwa upondo akiwa amesimama. Bwana alikuwa akizunguka na mashine yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya mwisho wakataka kitu kimoja zaidi. Hilari awe mtumbwini, pale penye fungu la mchanga, chini kidogo ya pantoni. Fransisko akampigia kelele kutoka ukingoni, "Fundi, geuka! Tabasamu! Ita watu kwa mkono!" Hilari akauliza, "Nimwite nani? Wote mko hapo mnanikodolea macho." Fransisko akasema, "Ita tu. Watakaotazama wataona unawaita waje makumbusho." Basi Hilari akageuka, akacheka, akaita kwa mkono, kiganja kikitazama chini. Stefania alikuwa amesimama karibu nami, Digna mtoto wao akiwa mgongoni, mchanga bado. Akasema, "Mwone anavyojidai, utadhani bwana shamba." Watu wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa.

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka 1957, mto ukiwa umefurika, Hilari alikwenda kuopoa migono yake ya samaki isichukuliwe. Nilimkataza. Akaniambia, "Mama, samaki hawajui kwamba wewe umekataza." Mtumbwi wake ulionekana umepinduka. Yeye hakuonekana. Tulimtafuta mpaka sauti zikatukauka. Hayo yaliandikwa hapa hapa kituoni.

Sasa nieleze jambo ambalo koplo hakulijua, kwa kuwa yeye si mtu wa mtoni. Katika ukoo wetu, mtu akichukuliwa na maji asipatikane, hatuachi msiba wazi. Tunakata mgomba, tunauvika nguo ya marehemu, tunauzika kama mtu, tunalia, tunanyoa nywele, tunamaliza. Mjane anaambiwa, "Mumeo amelala hapa, usitazame tena mtoni." Lakini mgomba wenyewe hukatwa juu ya ardhi, gogo tupu lisilo na mzizi, ili uoze kama mwili unavyooza. Hilo halihitaji kufundishwa. Siku ile mvua ilikuwa ikitupiga, na Polikarpo ndiye aliyepewa kazi. Hakuukata. Ardhi ilikuwa tope, akauvuta mgomba mzima, ukatoka na tunguu lake na mizizi yake, akauviringisha katika shuka la ndugu yake, tukauzika nyuma ya nyumba. Mimi sikujua. Nilijua mpunga ulipoanza kuiva, chipukizi lilipotoka juu ya kaburi, bichi, limejiviringa.

Nilikwenda na jembe nikaling'oe. Stefania akanishika mkono.

Akasema, "Mama, limekukosea nini?"

Nikasema, "Halijanikosea mimi. Limemkosea marehemu."

Akasema, "Marehemu gani huyo asiyeoza?"

Nilimwita Polikarpo nikamtukana, na koplo amekataa kuyaandika niliyomwambia. Polikarpo akajitetea, "Mama, ule ni mgomba tu." Nikamwambia, "Kama ni mgomba tu, tulimlilia nani?" Stefania akalizungushia chipukizi miiba, mbuzi wasilile. Nikamwacha. Nilijisemea kwamba kila mtu ana pa kuegemeza moyo, huyu wake ni mgomba.

Na nataka ieleweke kwamba alikuwa akipona. Mwaka huu alilima majaruba yake yote ya mpunga. Alifukuza ndege mashambani kwa kelele mpaka watu wakamtania kwamba sauti yake inafika Namawala. Jumapili alikuwa akienda kanisani na kanga safi. Usiku tulilala chumba kimoja, yeye, mimi na Digna katikati, na alikuwa akikoroma. Mtu mwenye uchungu mbichi hakoromi.

Mnamo Jumatano tarehe 9 Julai 1958, saa tisa alasiri, gari la makumbusho lilionyesha sinema mjini Ifakara, ndani ya ghala la mpunga. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa magunia, mchana ukageuka giza. Nilikwenda na Stefania na Digna. Tulijua wataonyesha picha za Kivukoni. Mimi nilidhani ni picha iliyotulia ukutani, kama ile ya Mtakatifu Yosefu kanisani. Stefania alitaka Digna aone uso wa baba yake. Alimpaka mafuta.

Fransisko alikuwa akiendesha mashine na kusemea katika kipaza sauti. Kwanza vilitokea vitu vilivyomo katika nyumba yao, ngoma, mikuki, vinu. Kikatokea chungu kikubwa. Margareta, jirani yangu, akaruka, "Chungu changu hicho! Nimekitafuta mwaka mzima!" Mumewe akamwambia kutoka gizani, "Nyamaza, mke wangu. Ni mimi niliyewapa." Ghala lote likacheka. Sinema ilikuwa nzuri mpaka hapo. Sisemi uongo.

Kisha akatokea Hilari.

Hakuwa picha ya ukutani. Alikuwa anatembea. Alijifuta jasho kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea. Fransisko akasema, "Huyu ni fundi Hilari wa Kivukoni, tazameni ufundi wake." Watu waliomjua wakanyamaza ghafla. Mwanamke mmoja akapiga yowe la msiba. Fransisko alidhani ameogopa sinema, akasema, "Msiogope, ndugu zangu, hawezi kutoka." Hilari akachonga, akasukuma, akapanda mtumbwini, akafika penye fungu la mchanga, akageuka, akacheka, akaita kwa mkono. Fransisko akasema, "Anawaiteni! Njooni makumbusho Morogoro!" Digna akauliza, "Bibi, yule nani?" Nikamwambia, "Baba yako." Akasema, "Mkubwa." Maana kwenye kitambaa cheupe cha sinema alikuwa mkubwa kuliko mlango wa kanisa.

Fransisko aliona watu wamenyong'onyea, naye hakujua sababu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Hilari amekufa. Akataka kuwachangamsha. Akasema, "Sasa mtaona maajabu." Akaigeuza mashine, sinema ikaenda kinyumenyume. Mkono ukashuka. Mtumbwi ukarudi matako mbele mpaka ukingoni. Hilari akashuka mgongo mgongo, akasimama nchi kavu. Vibanzi vikaruka kutoka chini vikajipachika kwenye gogo. Watu wakacheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka. Mwili hauombi ruhusa.

Stefania hakucheka. Nilimsikia pumzi. Sinema ilipoanza kwenda mbele tena, Hilari akawa amesimama ukingoni, mguu wake bado haujagusa mtumbwi, Stefania akasimama katikati ya watu akasema kwa sauti, "Mwache hapo!"

Fransisko akauliza, "Nani, dada?"

"Huyo. Mwache hapo hapo ukingoni. Usimpeleke tena mtoni."

Fransisko akasema, "Dada, haiwezekani. Ukanda huu ukisimama mbele ya taa unaungua."

Basi Hilari akapanda mtumbwi akaenda. Stefania akaketi.

Sinema ilipokwisha, watu walimweleza Fransisko. Alikuja mpaka nilipokuwa, amevua kofia, akanishika mikono miwili, akalia kama mtoto. Bwana Halowei naye alikuja akasema pole kwa Kiswahili, akasema maneno mengine kwa lugha yake, na Fransisko akatafsiri kwamba Bwana anashukuru angalau picha imemhifadhi. Stefania akamwuliza Fransisko, "Mkiweza kumrudisha ukingoni vile, mmemweka wapi?" Akamjibu, "Dada yangu, ni mwanga tu." Stefania akasema, "Mwanga haujifuti jasho."

Mnamo Alhamisi tarehe 10 Julai walionyesha tena, saa ile ile, mahali pale pale. Nilimkataza Stefania asiende. Alikwenda. Nilimfuata, sikuwa na la kufanya. Siku hiyo Fransisko aliiondoa sehemu ya Hilari. Aliiondoa kwa huruma, aliniambia mwenyewe mlangoni, "Bibi, leo sitamtonesha kidonda." Nilimshukuru. Vikaja vitu vya makumbusho, ikaja ngoma ya watu wa mahali pengine, wakaja tembo wakivuka bonde, sinema ikaisha. Stefania alitazama mpaka kitambaa kilipobaki cheupe. Tuliporudi kwa miguu hadi Kivukoni alitangulia mbele mpaka tulipoona maji. Akasema, "Mama, jana alirudi ukingoni. Leo hayumo. Ametoka."

Nikamwambia, "Stefania mwanangu, ametolewa na kijana kwa sababu ya huruma."

Akasema, "Ndiyo. Ametolewa."

Nilimwona usoni kwamba amesikia jingine.

Mnamo Ijumaa tarehe 11 Julai asubuhi, gari la makumbusho lilivuka kwa pantoni kwenda upande wa Mahenge. Mchana wa siku hiyo Polikarpo alikuja na jembe. Alisema mambo haya yote yanatokana na kosa lake, naye atalimaliza. Akataka kuung'oa mgomba na kuuzika mwingine uliokatwa sawasawa, msiba ufungwe upya. Nilikubali. Niliona ana haki ya kutengeneza alichoharibu. Tulifanya haraka, Stefania akiwa ameenda kuchota maji, lakini alirudi kabla hatujamaliza. Polikarpo alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni. Mgomba ulikuwa umelazwa kando, mbichi, na shuka la Hilari limenasa kwenye mizizi, limeoza, limebaki matambara.

Stefania akatua mtungi. Akachungulia shimoni. Akasema, "Nguo imo. Mwenyewe hayumo."

Polikarpo akasema, "Shemeji, unajua kabisa hakuwahi kuwamo."

Akasema, "Ndiyo. Sasa na wewe umesema."

Hakupiga kelele. Alibeba mtungi wake akaingia ndani. Jioni alikula vizuri kuliko siku zote, akamchekesha Digna, akanipaka mafuta miguuni kwa kuwa magoti yananiuma. Nilifurahi. Mimi ni mtu mzima nimezika wengi, na jioni ile nilifurahi.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Julai, jua lilipokwisha kupanda, Stefania alipika. Alipika wali, akachoma samaki, kitoga mkubwa, akaviweka katika bakuli la udongo, akafunika kwa jani. Nikamwuliza wa nani. Akasema, "Wa baba Digna. Amekaa huko muda mrefu." Alikuwa amefagia uwanja. Alikuwa amesuka nywele mwenyewe. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, na macho yake yalikuwa yametulia kama ya mtu anayekwenda gulioni. Akasema, "Nipe Digna, akamwone baba yake."

Nikasema, "Baba yake yuko kwenye kitambaa."

Akasema, "Alikuwako. Ameshatolewa. Kwenye kitambaa hayumo, kaburini hayumo. Amebaki pale alipokuwa akiniita, mama. Ulimwona."

Nikasema, "Alikuwa anaita watu waje Morogoro!"

Akasema, "Morogoro kuna nani wake?"

Akamshika Digna mkono mmoja, nami nikamshika mwingine. Tukavutana, mtoto katikati analia. Nilimwambia Stefania maneno makali. Nilimwambia, ukienda wewe nitakuvunja mguu, ukimchukua huyu nitakuua. Akaniachia mtoto. Akasema, "Basi nitamleta baba yake nyumbani." Akachukua bakuli akashuka ukingoni. Nilikuwa nimemkumbatia Digna kwa mikono yote, anapiga mateke, anataka kumfuata mama yake. Nina mikono miwili tu. Kama ningekuwa na wa tatu ningemshika Stefania. Nimekaa siku mbili nauhesabu mkono huo ambao sina.

Alichukua mtumbwi wa Polikarpo. Nilimfuata ukingoni na mtoto kiunoni, nikiita watu. Polikarpo alikuwa shambani. Watu wa pantoni walikuwa ng'ambo wakipakia lori, na injini yake ilikuwa ikinguruma, hawakunisikia. Stefania alipiga kafi polepole, wala hakugeuka. Alifika penye fungu la mchanga. Mwaka huu fungu limesogea, na kando yake maji yamechimba, pana kina. Akatua kafi. Akasimama.

Hapa koplo ameniambia niseme kwa uangalifu, kwa sababu ndipo shauri lilipo.

Jana jioni Evaristo, katekista wetu, alikuja barazani. Ni mtu mwema, amebatiza nusu ya Kivukoni watoto wakiwa kufani. Aliketi karibu na mkeka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Yosefina, ni neno moja tu. Sema aliteleza. Mungu anajua mengine." Na leo koplo amenisomea maelezo ya Bwana Halowei, aliyerudi kutoka Mahenge aliposikia habari. Amesema kwamba yule mwanamke alionekana hana akili timamu tangu siku ya kwanza. Sidhani amesema kwa ubaya. Ni mtu anayetafuta la kumpa usingizi usiku. Lakini nimekataa.

Stefania hakuwa na kichaa. Kichaa hachomi samaki pande zote mbili. Alionyeshwa mumewe akitembea. Alionyeshwa akirudi kutoka mtoni. Kisha akaambiwa hayumo kwenye kitambaa, na akaonyeshwa kaburi, akakuta hayumo. Aliyemwambia uongo ni nani hapo? Alihesabu kwa vidole vyake alichoonyeshwa, akapata jibu. Nyinyi mngepata jipi? Na Digna atakua. Sitaki siku ya kuposwa watu wanong'one kwamba mama yake alikuwa mwehu.

Wala hakuteleza. Ningependa kusema aliteleza. Neno liko hapa mdomoni tangu jana, tamu kama asali ya wizi. Lakini nilimwona kwa macho haya. Anayeteleza hurusha mikono, hupiga kelele, mtumbwi hutikisika. Yeye alishika upindo wa nguo yake kwa mkono wa kushoto, akauinua usilowe. Akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, kama mtu anavyoshuka pantoni akifika ng'ambo. Akashuka. Maji yakamfunika. Upindo aliushika mpaka mwisho.

Sasa nyinyi mnaojua sheria niambieni. Nani anakwenda kujiua na nguo ameiinua isilowe? Polikarpo alipokuja na kuukamata mtumbwi, bakuli lilikuwa limesimama palepale alipoliweka. Tulifunua lile jani. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke.

Koplo ameniuliza namlaumu nani. Nimefikiri. Fransisko alitaka watu wacheke, kisha akataka mjane asiumie. Polikarpo alitaka kutengeneza alichokosea, na tangu Jumamosi hajala, ananitazama kama mbwa aliyepigwa. Bwana wa makumbusho alitaka watu waijue nyumba yake. Hilari aliambiwa aite, akaita. Usiku kucha nimetafuta wa kumkamata koo, na kila ninayemshika naona ni mtoto wa mtu.

Koplo ameniuliza pia kama nataka sinema ile iharibiwe, maana Bwana amesema yuko tayari kuikata sehemu ya Hilari na kuichoma moto. Nimesema asichome. Digna hana sura nyingine ya baba yake. Ila waiweke huko huko Morogoro, na akitaka kuiona aende akiwa mtu mzima, na awepo wa kumshika mkono. Picha ya mama yake hakuna mtu aliyeipiga.

Najua neno langu halina pa kukaa katika sheria yenu. Kuna walioanguka, kuna wenye wazimu, kuna waliojiua. Huyu wangu alishuka pale alipoamini amefika. Kama hilo linatosha azikwe ndani, namshukuru Mungu. Kama halitoshi, akawekwa nje ya ua, basi iandikwe na hii, asije mtu akasema bibi alisahau. Nafasi iliyo pembeni yake ni yangu. Mimi nimebatizwa, nimekula sakramenti, sina kosa kanisani zaidi ya ulimi. Watanizika pale, nje, ubavuni mwake. Hatalala peke yake kwenye majani kama mzoga.

Niliyoyaona ni haya. Sikuongeza la kumpendeza katekista, sikupunguza la kumwokoa mwanangu Polikarpo. Naomba mmalize kuandika, jua linapanda na Stefania bado yuko barazani.

Dole gumba la kushoto la Yosefina binti Matimbwa.

Maandishi ya afisa aliyeandika:

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Eustaki, kama yalivyotolewa. Nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, na sehemu ya mtumbwi kwa Kindamba kwa msaada wa askari mwenzangu. Amesema ni sahihi. Nimemwuliza kwa mara ya mwisho kama kuna uwezekano wowote kwamba marehemu aliteleza. Hakujibu swali. Ameniuliza kama mama yangu yu hai. Nimesema yu hai. Ameniambia nimsalimie.

Saa sita kasorobo, kabla sijapeleka maelezo haya kwa mkubwa wangu, Polikarpo amefika kituoni kutoka Kivukoni. Amesema wazee hawakuweza kungoja zaidi kwa sababu ya joto, na kwa kuwa neno halikuwa limetoka, waliogopa kuingiza mwili ndani. Wamekwisha kuzika, nje ya ua. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani pake. Nimetoka nikamwambia mimi mwenyewe. Hakulia. Ameniuliza ni upande gani wa ua.